Waliberali wa Strasbourg na ndege zilizoficha safari zao

Katika ukumbi mkuu wa Palais de l'Europe, mjini Strasbourg, Ufaransa, wabunge hawakai kwa nchi wala kwa vyama. Hupangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo. Mturuki hujikuta ubavuni mwa Mnorwei, na mhafidhina hushinda wiki nzima akipakana na msoshalisti. Kila mmoja ametumwa na bunge la nchi yake, lakini akishaingia mle ndani, linalomkutanisha na wenzake asubuhi kabla ya kikao ni kundi la kisiasa.

Hili ni Bunge la Baraza la Ulaya. Wengi hulichanganya na Bunge la Ulaya, na hawana kosa, maana yote mawili yako mji mmoja na majengo yake ni jirani. Lile lingine huchaguliwa na wananchi wa nchi 27 za Umoja wa Ulaya na hutunga sheria. Hili la Baraza hukutanisha wabunge kutoka nchi 46, wiki nne kwa mwaka, na sheria halitungi. Baraza lenyewe liliundwa London tarehe 5 Mei 1949 na nchi 10, wakati vifusi vya vita vilikuwa bado havijazolewa. Urusi iliingia mwaka 1996 na ikafukuzwa Machi 2022 baada ya kuivamia Ukraine.

Bunge lisilotunga sheria lina kazi gani? Kwanza, ndilo linalowachagua majaji wa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mmoja kwa kila nchi, kwa miaka tisa. Pili, linamchagua Katibu Mkuu wa Baraza. Tatu, linaandika ripoti. Hilo la tatu linaonekana dogo, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Makundi makubwa ni matano: wasoshalisti na wanamazingira, Wakristo wa kidemokrasia, wahafidhina, mrengo wa kushoto, na waliberali, ambao jina lao rasmi ni Muungano wa Waliberali na Wanademokrasia kwa Ulaya. Wenzao wa Bunge la Ulaya walibadili jina mwaka 2019 wakawa Renew Europe. Hawa wa Strasbourg wamebaki na jina la zamani. Humo utawakuta Waholanzi wa vyama viwili, VVD na D66, ambavyo nyumbani vinagombania kura zilezile, wakiwa pamoja na Liberal Democrats wa Uingereza na chama cha FDP cha Uswisi. Kuhusu kodi na soko hawaelewani hata kidogo. Wanaelewana kwamba mtu huja kabla ya dola, na kwamba dola isiyoweza kushtakiwa mahakamani ni hatari hata ikiongozwa na watu wema.

Kundi hili si kubwa. Mwaka 2024, nafasi ya Katibu Mkuu ilipogombewa, mliberali Didier Reynders wa Ubelgiji alishika nafasi ya tatu kati ya watatu. Hata hivyo limetoa maspika wa kukumbukwa: Mskoti Russell Johnston, Anne Brasseur wa Luxembourg, Rik Daems wa Ubelgiji. Ila mtu aliyelipa kundi hili uzito wake hakuwahi kuwa spika.

Dick Marty alizaliwa mwaka 1945 mjini Lugano, upande wa Uswisi unaozungumza Kiitaliano. Kabla ya siasa alikuwa mwendesha mashtaka wa jimbo la Ticino, akipambana na magenge ya dawa za kulevya. Aliingia Seneti ya Uswisi mwaka 1995 kwa tiketi ya FDP, akawa mmoja wa wabunge wa nchi yake huko Strasbourg. Uswisi ina viti sita tu kati ya zaidi ya 300, na wala haimo katika Umoja wa Ulaya. Kama uenyekiti wa kamati ungegawanywa kwa ukubwa wa nchi, Marty angebaki nyuma ya foleni. Lakini kamati hugawanywa kwa makundi, na mwishoni mwa 2005 mliberali huyu ndiye aliyekuwa akiongoza Kamati ya Sheria na Haki za Binadamu.

Tarehe 2 Novemba 2005, gazeti la Washington Post liliandika kwamba CIA ilikuwa na magereza ya siri, mengine katika nchi za Ulaya Mashariki ambazo halikuzitaja. Kamati ikamkabidhi Marty uchunguzi. Hakuwa na mamlaka ya kumwita shahidi kwa lazima, wala ya kupekua ofisi ya mtu. Serikali zilimjibu kwa kukana au kwa kunyamaza.

Akafanya kazi kama alivyofanya Ticino. Aliwaomba Eurocontrol, wanaoratibu safari za anga Ulaya, kumbukumbu za ndege zilizotiliwa shaka. Aliomba picha za satelaiti za viwanja vya ndege vya Szymany, Poland, na Mihail Kogălniceanu, Romania. Kisha akaanza kuoanisha tarehe na watu.

Chukua ndege moja tu, Boeing 737 yenye namba N313P. Tarehe 23 Januari 2004 iliruka kutoka Palma, kisiwani Mallorca, ikatua Skopje, Macedonia, ikaendelea hadi Baghdad, kisha Kabul. Huko Skopje ndege hiyo ilimchukua Khaled el-Masri, raia wa Ujerumani mwenye asili ya Lebanon. Alikuwa amekamatwa mpakani siku ya mwisho ya 2003 na kufungiwa katika chumba cha hoteli kwa siku 23, pasipo hakimu wala mashtaka. Alishikiliwa Afghanistan hadi Mei, halafu akaachwa Albania kwenye barabara ya milimani. Alisimulia na watu hawakumsadiki. Kumbukumbu za safari ya N313P zililingana na maneno yake.

Ripoti ya kwanza ilitoka Juni 2006. Marty alizichora safari hizo kama utando wa buibui uliotandwa dunia nzima, na akataja nchi 14 za Ulaya zilizoshiriki au zilizofumba macho. Ripoti ya pili, ya Juni 2007, ilisema waziwazi kwamba magereza yalikuwa Poland na Romania kati ya 2003 na 2005, na kwamba baadhi ya ndege ziliandikishiwa safari za uongo ili zisijulikane zilikotua.

Hapo ndipo ninapomheshimu kuliko mahali pengine popote. Wakati ripoti zote mbili zinatoka, waziri mkuu wa Romania alikuwa Călin Popescu-Tăriceanu wa chama cha Liberali, ndugu wa kisiasa wa Marty. Ingekuwa rahisi kuwaachia waliberali wa Bucharest mlango wa kutokea. Marty aliitaja Romania sawasawa na alivyoitaja Poland. Romania ilikana kwa miaka mingi. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba gereza lilikuwepo na kwamba Romania ilijua. Poland ilikuwa imehukumiwa Julai 2014, katika kesi ambayo Marty mwenyewe alitoa ushahidi kama mtaalamu. Na el-Masri alikuwa ameshinda kesi yake dhidi ya Macedonia tarehe 13 Desemba 2012, majaji wote 17 wakikubaliana, akapewa fidia ya euro 60,000.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuuliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana. Septemba 2006, miezi mitatu baada ya ripoti ya kwanza, Rais George W. Bush alikiri kwamba magereza yalikuwepo na kwamba wafungwa 14 wamehamishiwa Guantánamo. Mmoja wao alikuwa Mtanzania, Ahmed Khalfan Ghailani, aliyetuhumiwa kwa mashambulio ya 7 Agosti 1998 yaliyoua zaidi ya watu 200 katika miji yetu miwili. Kesi yake iliposikilizwa New York mwaka 2010, jaji alimkataa shahidi muhimu wa upande wa mashtaka, kwa sababu shahidi huyo alipatikana kupitia maneno aliyokamuliwa Ghailani akiwa mikononi mwa CIA. Baraza la wazee wa mahakama likamwachilia katika mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani katika moja tu. Hilo moja lilimpa kifungo cha maisha. Lakini familia zilizopoteza watu wao zilistahili kesi iliyosimama juu ya ushahidi safi, na mateso ya siri yaliwanyima.

Isidhaniwe kwamba waliberali wa Strasbourg ni malaika. Januari 2013 Bunge hilo liliikataa ripoti kuhusu wafungwa wa kisiasa wa Azerbaijan, kwa kura 125 dhidi ya 79. Baadaye wachunguzi watatu wa kujitegemea, akiwamo jaji mstaafu Nicolas Bratza, walieleza mwaka 2018 jinsi Azerbaijan ilivyojitafutia upendeleo kwa zawadi na fedha. Miongoni mwa wabunge waliochukuliwa hatua za nidhamu alikuwamo aliyewahi kuliongoza kundi la waliberali. Inauma, hasa kwa kundi linalojinadi kwa utu na uwazi.

Marty mwenyewe hakupumzika. Ripoti yake nyingine, kuhusu Kosovo, ilipitishwa Januari 2011 na ikachangia kuundwa kwa mahakama maalumu inayokaa The Hague, ingawa tuhuma nzito kuliko zote alizoziandika, ya biashara ya viungo vya binadamu, haikuingia katika hati ya mashtaka dhidi ya rais wa zamani Hashim Thaçi. Tangu Desemba 2020 Marty aliishi chini ya ulinzi wa polisi kwa sababu maisha yake yalitishiwa. Alifariki Desemba 2023, akiwa na miaka 78.

Ninapoyafikiria mabunge yetu ya kimataifa, ndipo ninapoona pengo. Katika Bunge la Afrika kule Midrand, nchi hutuma wabunge watano watano, na makundi yenye nguvu ni ya kanda: Mashariki, Magharibi, Kusini, Kaskazini, Kati. Mwaka 2021 walisukumana na kurushiana mateke mbele ya kamera wakigombania zamu ya kanda gani itoe rais. Bunge la Afrika Mashariki lenye makao Arusha lina wabunge tisa kutoka kila nchi, na mkataba wake unataka hao tisa wawakilishe, kadiri inavyowezekana, vyama na mitazamo mbalimbali iliyomo nyumbani. Mitazamo hiyo inafika Arusha, kisha inakosa pa kukutania. Mbunge kutoka Kampala na mwenzake kutoka Nairobi wanaoamini jambo moja kuhusu polisi, magazeti na mahabusu hawana kundi linalotambuliwa kwa msimamo huo, wala kiongozi wa kusimama na kusema kwa niaba yao wote wawili, wala njia ya kumfanya mtu wa nchi ndogo akabidhiwe faili ambalo serikali kubwa zisingependa lifunguliwe.