Mita Isiyojizima: Bili ya Wingu Kati ya Kitale na Bungoma

Mvua za Machi zikikaribia, maduka ya pembejeo ya Kitale hufurika. Wakulima wa Trans Nzoia hununua mbegu ya mahindi ya 614 na mbolea ndani ya wiki chache, kisha pilikapilika hutulia. Chukua mfano wa duka lenye matawi Kitale na Bungoma, linaloweka mauzo na madeni yake yote kwenye kompyuta. Likinunua seva ya kumudu foleni ya Machi, mashine hiyo itabaki ikikusanya vumbi miezi iliyosalia. Hapo ndipo wauzaji wa huduma za wingu, yaani seva za kukodi kupitia mtandao, huingia na ahadi yao: lipa kadiri unavyotumia.

Ahadi hiyo si mpya. Mwaka 2006, mwaka uleule shirika la One Acre Fund lilipoanza kuwakopesha wakulima wadogo wa Bungoma mbegu na mbolea, Amazon ilianza kukodisha seva kwa senti 10 za dola kwa saa. Kikosi kilichoiunda huduma hiyo kilifanyia kazi Cape Town, Afrika Kusini, ingawa wengi hudhani kila kitu kilitoka Marekani. Mwaka 2017 kipimo kilishuka kutoka saa hadi sekunde kwa seva za Linux.

Tupige hesabu kwa bei ile ya mwanzo. Mwezi una saa 730 hivi, kwa hiyo seva ya senti 10 ikiwaka usiku na mchana ni dola 73. Ikiwashwa saa 10 kwa siku, siku 22 za kazi, ni dola 22 tu. Dola 51 zilizookolewa hazikutokana na wateja kupungua. Zimetokana na mtu kukumbuka kuzima. Mita ya wingu haijali kama seva ina kazi, inajali kama imewashwa. Usiku wa manane, maduka ya Kanduyi, Bungoma, yamefungwa na hakuna muamala hata mmoja, bili inapanda kwa kasi ileile ya saa nne asubuhi.

Aliyezoea tokeni za stima hunaswa hapa. Tokeni zikiisha, taa huzimika na hasara huishia hapo. Wingu, kwa kawaida, huuzwa kinyume: unatumia kwanza, bili huja mwisho wa mwezi. Unaweza kuweka kiwango cha bajeti, ila kikivukwa mara nyingi utapata barua pepe tu, hakuna kinachozimwa. Na barua pepe hiyo huenda kwa kijana aliyefungua akaunti, ambaye pengine alishaacha kazi.

Hata ukizima, bili haiishi. Diski inayohifadhi data huendelea kutozwa. Tangu Februari 2024, Amazon hutoza nusu senti kwa saa kwa kila anwani ya umma ya IPv4, yaani dola 3.65 kwa mwezi. Kuingiza data ni bure, kuitoa hulipiwa, ingawa Amazon husamehe GB 100 za kwanza kila mwezi. Tawi la Bungoma likipakua nakala nzima ya GB 10 kila usiku, msamaha huo umekwisha siku ya kumi. Lingepakua mabadiliko ya siku hiyo pekee, huenda lisingelipa kitu.

Kuna punguzo pia: ukijifunga kwa mwaka 1 au 3, bei inaweza kushuka kwa hadi asilimia 72. Ni punguzo zuri, mradi ujifunge kwa kiasi kinachotumika Januari, duka likiwa kimya, kisha foleni ya Machi ilipiwe kwa saa. Anayejifunga kwa kipimo cha Machi amerudia kununua seva ileile, ila hii mara nyingi haiuziki hata kama chuma chakavu.

Halafu kuna dola, ambayo bei hizi zimepangwa kwayo. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeteremka hadi karibu 130. Seva ya dola 73 ilitoka shilingi 11,680 hadi 9,490 bila mtu kugusa chochote. Mhasibu anayepanga Novemba bajeti ya Machi ana sababu ya kuiandika bili hiyo kwa dola kwanza, shilingi kando yake, ili ikipanda ijulikane kama kilichoongezeka ni matumizi au ni bei ya dola.