Maktaba Moja, Majina Mengi: Jinsi Programu Inavyojengwa kwa Mifumo Tofauti ya Kompyuta

Utangulizi

Neno maktaba limetokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa kitabu na katibu. Katika taaluma ya kompyuta neno hili limepata maana ya ziada: mkusanyo wa kazi zilizokwisha kuandikwa, ambazo mtunzi wa programu huziazima badala ya kuzibuni upya. Makala haya yanakusudia kueleza namna programu inavyoitafuta maktaba inayoihitaji, na kwa nini suala hili, linalodhaniwa kuwa la wahandisi pekee, linamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili.

Mfano wa Hunspell

Hunspell ni maktaba ya kusahihisha tahajia iliyobuniwa kwanza kwa ajili ya Kihungaria, lugha ambayo, kama Kiswahili, hubebesha neno moja viambishi vingi. Maktaba hii huruhusu mashina yawekwe katika faili moja na kanuni za viambishi katika faili nyingine, ili anasoma, tulisoma na watasoma yasilazimu kuorodheshwa moja baada ya jingine. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili ya aina hii husambazwa pamoja na LibreOffice kwa alama ya sw_TZ.

Tuseme mwanafunzi ametunga programu ndogo ya kukagua insha kwa kutumia Hunspell. Yeye anatumia Linux chuoni. Mwalimu wa Matuu, mji ulio kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, ana Windows. Mwenzake mwingine ana kompyuta ya Mac. Je, programu hiyo itawafaa wote watatu?

Kiini cha tatizo

Maktaba ni ileile, lakini jina na makao yake hubadilika. Katika Linux faili yake huwa na kiishio cha .so, katika Debian na Ubuntu za kompyuta nyingi za kawaida hukaa katika folda ya /usr/lib/x86_64-linux-gnu. Katika Mac kiishio ni .dylib, na aliyeisakinisha kwa Homebrew ataikuta chini ya /opt/homebrew ikiwa kompyuta ina chipu ya Apple, au /usr/local ikiwa ina chipu ya Intel. Katika Windows kiishio ni .dll, na hakuna folda moja iliyokubaliwa na wote. Isitoshe, jina la faili huweza kubeba namba ya toleo, kama libhunspell-1.7.

Hali hii si ngeni kwetu. Mlo wa asubuhi Mkenya huuita kiamshakinywa, Mtanzania akauita kifungua kinywa, na wapo wauitao staftahi. Chakula ni kilekile. Ajuaye jina moja tu ndiye atakayeshinda njaa.

Utafutaji hufanyika mara mbili. Kwanza ni wakati wa ujenzi: kompaila huhitaji faili inayotaja kazi zilizomo katika maktaba, kisha programu iunganishayo huitafuta maktaba yenyewe. Pili ni wakati wa kuendesha: mfumo huitafuta maktaba upya. Windows huanza aghalabu na folda ya programu yenyewe, na huzipitia pia folda zilizotajwa katika PATH. Linux hutegemea njia zilizoandikwa ndani ya programu, LD_LIBRARY_PATH, na orodha ya mfumo inayotayarishwa na ldconfig. Ndiyo maana programu huweza kujengeka vizuri, kisha ikakataa kuanza.

Tiba yake

Mtunzi asiandike anwani kamili ya maktaba ndani ya maagizo ya ujenzi. Anwani hiyo ni kweli kwa kompyuta yake tu. Badala yake, maagizo yaulize. Maktaba nyingi huja na faili ndogo yenye kiishio cha .pc inayoeleza zilipo. Chombo kiitwacho pkg-config huisoma na kutoa jibu pindi kinapotajiwa jina hunspell. CMake nayo ina amri ya find_package, na mjenzi mwenye maktaba mahali pasipo pa kawaida huonyesha folda hiyo kwa CMAKE_PREFIX_PATH bila kugusa msimbo. Kwa mwalimu wa Windows, ambaye hatarajiwi kujenga chochote, faili ya .dll na kamusi ya sw_TZ ziwekwe pamoja na programu iliyokwisha kujengwa. Ama kweli, kuuliza si ujinga.

Hitimisho

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi ya namna hiyo ina nusu mbili: kuteua istilahi, na kuhakikisha kwamba programu inamfikia mtumiaji katika mashine aliyo nayo. Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kujadili nusu ya kwanza na kuwaachia wengine ya pili. Lakini programu isiyojengeka nje ya kompyuta ya mtunzi wake ni sawa na muswada uliofungiwa sandukuni: ufasaha wake haumsaidii msomaji. Kwa hivyo, anayebuni zana ya Kiswahili na aijaribu katika mifumo yote mitatu, na maelezo ya ujenzi ayaandike kwa Kiswahili, ili mwalimu wa Matuu asibaki nje ya maktaba.