Umechoka na Jiji? Sachangwan Yakuita, Lakini Piga Hesabu Kwanza

Ukiondoka Nairobi alfajiri kuelekea magharibi, jua hukukuta ukikaribia Nakuru. Ukishaipita Nakuru na kuiacha Salgaa na malori yake, gari huanza kupanda likinguruma. Abiria hufunga madirisha, wenye sweta huzivaa, na wasio nazo hujikunyata. Kilomita 40 hivi kutoka Nakuru unafika Sachangwan. Huko ukungu hulala juu ya mashamba, na kando ya barabara viazi hupangwa ndani ya ndoo pamoja na karoti na kabichi, kumngoja msafiri.

Hapo ndipo wazo humjia mtu wa jiji. Hujiambia: "Kwani nangoja nini Nairobi? Kodi yangu ya mwezi mmoja ingenilisha huku kwa muda gani? Mbona nisistaafu mapema nije nipumzike?"

Msomaji mpenzi, wazo hilo si la kijinga. Wazee wa Uingereza wamekuwa wakihamia Uhispania, na wa Marekani huvuka mpaka kwenda Mexico, kwa sababu iyo hiyo: pesa kidogo hufika mbali zaidi pale ambapo maisha ni nafuu. Nasi tunaweza kufanya hivyo bila ya pasipoti. Lakini kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, keti na mwenzako mezani na mchukue kalamu.

HESABU HAINA HURUMA

Mtumishi wa serikali ya Kenya hustaafu akiwa na miaka 60. Kabla ya 2009 ilikuwa 55. Anaweza kuomba kuondoka akifika 50, na hata NSSF humruhusu aliyeacha kazi kuchukua malipo yake kuanzia umri huo. Kwa hivyo tunaposema "mapema" kwa mwajiriwa wa kawaida, mara nyingi tunasema miaka 50. Kutoka 50 hadi 85 ni miaka 35, na huenda ikawa mirefu kuliko ile uliyofanya kazi!

Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alichunguza ni kiasi gani mtu anaweza kutoa katika akiba yake kila mwaka bila kuimaliza kwa miaka 30. Jibu lake lilikuwa asilimia 4 hivi katika mwaka wa kwanza, kisha kuongeza kulingana na kupanda kwa bei. Kwa maneno mengine, unahitaji akiba mara 25 ya matumizi yako ya mwaka.

Tuchukue mfano tu, nawe uweke tarakimu zako. Tuseme jijini nyumba yako hutumia Sh60,000 kwa mwezi. Hiyo ni Sh720,000 kwa mwaka, na mara 25 ni Sh18 milioni. Ukihamia mahali ambapo mtatumia Sh30,000 kwa mwezi, akiba inayohitajika hushuka hadi Sh9 milioni. Umeona? Kuhama peke yake kumekata mlima huo nusu.

Bado ni nyingi? Usikate tamaa. Ikiwa una malipo ya uzeeni ya Sh20,000 kwa mwezi, pengo ni Sh10,000 tu. Hiyo ni Sh120,000 kwa mwaka, na akiba ya kuliziba ni Sh3 milioni. Hiyo ni hesabu ambayo mwalimu au karani aliyeanza kuweka akiba mapema anaweza kuikaribia, iwe kwenye chama cha ushirika au kwenye hati za dhamana za serikali, ambazo hununuliwa kuanzia Sh50,000.

Ila tahadhari: Bengen alitumia historia ya masoko ya Marekani. Kwetu bei za vitu huweza kuruka ghafla, na anayestaafu akiwa na miaka 50 anahitaji pesa za zaidi ya miaka 30. Ongeza kitu juu ya hesabu hiyo. Akiba haiozi.

SHAMBA SI PENSHENI

Wengi wakifika Sachangwan huona viazi na kusema: "Nitalima, viazi vinilishe." Mkulima yeyote wa huko atakueleza upande wa pili. Aina ya Shangi, inayopendwa na wanunuzi, hukomaa upesi, kwa muda wa miezi mitatu hivi, lakini pia huchipua upesi ikiwekwa ghalani. Kila mtu akivuna pamoja, bei huanguka, na huwezi kungoja. Kanuni za 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Hata hivyo mnunuzi akija na gunia lake lililoshonewa shingo, mwenye njaa ya pesa hana nguvu ya kubishana. Usiku wa baridi kali nao, jani la kiazi likipigwa na jalidi, huwa jeusi asubuhi.

Kumbuka pia pareto. Nyanda hizi za juu za Nakuru zilikuwa miongoni mwa mahali palipoifanya Kenya mwuzaji mkubwa wa pareto duniani. Kisha malipo kwa wakulima yakachelewa na kukatika, wengi wakang'oa maua yao. Zao likiwa ndilo pensheni yako, siku soko litakapokohoa wewe utalala hospitalini.

Basi lima, ndiyo. Uwe na mboga, kuku na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mwili utafaidika na chakula hakitanunuliwa. Lakini usiache kazi moja ili uajiriwe na shamba lisilolipa mshahara.

KODISHA KABLA YA KUNUNUA

Kosa kubwa la mstaafu ni kumaliza kiinua mgongo chote kwenye ardhi katika mwezi wa kwanza. Kodisha nyumba ndogo mwaka mzima. Onja mvua, matope na baridi ya Julai. Ukiona kifua kinakubali na majirani wanakusalimu kwa jina, ndipo utafute ploti.

Ukinunua, fanya uchunguzi wa hatimiliki katika ofisi ya ardhi. Ikiwa ni shamba la kilimo, tafuta idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na kuuza kuwe na kibali cha mke au mume wa muuzaji. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa ziligawanywa na makampuni ya kununua mashamba, na kuna waliokaa na cheti cha hisa miaka mingi bila hatimiliki. Tena usisahau historia. Molo na Kuresoi zilishuhudia watu wakifukuzwa makwao mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Leo watu wanaishi pamoja, wanauziana na kuoana. Hata hivyo mgeni mwenye busara huketi na wazee wa jamii zote kabla ya kuchimba shimo la nguzo.

DAKTARI YUKO WAPI?

Ukiwa na miaka 50 unaliuliza swali hili kwa mzaha. Ukiwa na 70 hutacheka. Kutoka Sachangwan, hospitali ya Molo iko karibu, na ile kubwa ya kaunti iko Nakuru. Je, saa nane usiku, nani atakupeleka? Mchango wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, unaendelea hata bila mwajiri: asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, usiopungua Sh300 kwa mwezi. Uweke kwenye bajeti kabla ya sukari.

Ndiyo maana wengine huchagua njia ya katikati: kukaa Nakuru kwenyewe. Mji huo uliofanywa jiji tarehe 1 Desemba 2021 una soko na hospitali, na Chuo Kikuu cha Egerton kiko karibu, Njoro, kwa mtoto ambaye hajamaliza masomo. Lakini jiji ni jiji. Kodi nayo hupanda likikua.

MKE, MUME, WATOTO

Miaka ya tisini, serikali ilipopunguza watumishi wake, wengi wa vyeo vya chini walipokea kiinua mgongo na kwenda nyumbani. Wako waliokuwa na mpango. Wako pia waliofika na bahasha na kumkuta mwenzao hakuulizwa lolote, na pesa zikaisha kabla ya ugomvi. Ninyi wanafunzi mnaosoma haya, msiyaone ni ya wazee. Baba akistaafu mapema, karo yenu imo katika hesabu hiyo. Ulizeni, nanyi mzazi mwajibu.

Neno la mwisho. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan. Watu walikimbia na madumu kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafa. Usipite pale ukisema walikuwa na tamaa. Dumu moja la mafuta kwa wengi wao lilikuwa chakula cha siku kadhaa. Unafuu unaokuvutia huko ni upande mmoja wa sarafu. Upande wa pili ni jirani ambaye hana pensheni, wala hatastaafu kamwe. Nunua maziwa yake bila kumkaba bei, mlipe kibarua siku hiyo hiyo, na uhudhurie matanga yake. Siku utakapougua usiku wa manane, ndiye atakayekuwa na taa mlangoni pako kabla mwanao hajaondoka Nairobi.