Fahamu: Wazazi wazima, mtoto ana selimundu. Imekuwaje?

Baba hajawahi kulazwa, mama naye mzima wa afya, halafu mtoto anapimwa na kukutwa na selimundu. Hapo maneno huanza: "Huo ni ukoo wa mama!" Si kweli. Mtoto huyo ni SS: amerithi jeni mbili za selimundu (S), moja kutoka kila upande.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya himoglobini, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye AS, yaani nakala moja ya kawaida (A) na moja ya selimundu (S), kwa kawaida haugui, ila ameibeba S. Wakioana wawili wa AS, chukua sarafu mbili uzirushe pamoja: kichwa ni A, upande wa pili ni S. Zikiangukia S zote, mtoto ni SS, na seli zake nyekundu za damu hupinda kama mundu. Uwezekano ni asilimia 25 kila mimba. Na mimba haikumbuki iliyotangulia. Watoto watatu wazima hawamkingi wa nne.

Kama S huleta ugonjwa, mbona haijapotea? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba wenye AS huistahimili malaria zaidi. Ndiyo maana aliikuta S kwa wingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria nyingi, na kwa nadra sana kwenye nyanda za juu zenye baridi.