Maniema: Kalima, nyaya nyingi ndani ya tiyo moja zinaweza kuleta moto nyumbani

Katika mji wa Kalima, wilaya ya Pangi, jimbo la Maniema, umeme si jambo geni. Mtambo wa maji wa Lutshurukuru ulijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya kazi za Symétain, kampuni iliyochimba kasiterite na ambayo mwaka 1976 iliunganishwa na zingine katika SOMINKI. Asiyepata umeme wa mtambo anatafuta jenereta ao paneli za jua.

Umeme utoke wapi, kazi ya ndani ni moja: kupitisha nyaya. Hapo ndipo kosa linaingia. Ili kazi ionekane safi na pesa ya tiyo ipungue, nyaya zote zinafungwa fungu moja ao zinasukumwa ndani ya tiyo moja.

Waya wowote unaopitisha umeme unapata joto. Ukiwa peke yake, hewa inaliondoa. Ndani ya fungu, kila waya unampasha jirani yake, na ule wa katikati hauna pa kupeleka joto lake, kama watu sita waliolala katika chumba kidogo bila dirisha. Plastiki ya PVC inayofunika shaba inavumilia digrii 70. Ikizidishwa kwa muda mrefu inakauka na kupasuka, shaba inagusa shaba, cheche inatoka.

Tufanye hesabu. Laini moja ya waya wa shaba wa 2.5, ikiwa peke yake katika tiyo ukutani, inabeba ampea 24 hewa ikiwa digrii 30. Kanuni ya kimataifa IEC 60364 inapunguza kipimo hicho: laini 2 pamoja, asilimia 80, laini 3, asilimia 70, laini 4, asilimia 65, laini 6, asilimia 57.

Kwa hiyo laini 4 zinazofanya kazi nzito wakati mmoja, kila moja inabaki na ampea 15.6. Chini ya mabati, hewa ikifika digrii 40, ni karibu 13.5 tu. Fundi akiweka disjonkta ya ampea 20, haitakata kitu: waya utachemka nayo inatazama. Tena joto linapanda haraka kuliko umeme wenyewe. Kupitisha ampea 20 mahali pa 15.6 kunazalisha joto zaidi kwa asilimia 60 na kitu.

Nini cha kufanya? Friza, pasi na mashine ya kuchomelea vyuma vipewe kila kimoja tiyo yake, mbali na zingine. Kama haiwezekani, weka disjonkta ya ampea 10 kwa waya wa 2.5, ao nunua waya mnene zaidi. Laini za taa ndogo zinabeba umeme kidogo, haziongezi joto kubwa.

Usisahau ralonji: ikibaki imeviringwa wakati wa kazi nzito, nayo ni fungu. Ifungue yote.

Ukisikia harufu ya plastiki, ao ukuta una joto pale nyaya zinapopita, kata umeme kwanza kisha ita fundi. Na siku ya kujenga, muulize swali moja: ni laini ngapi ndani ya tiyo hii? Bei ya tiyo ya pili ni ndogo kuliko bei ya nyumba.