KUTOKA GUDELE HADI KILINDINI



Sisi wa Gudele, hapa Juba, hatuna bahari. Lakini mabati ya nyumba zetu na mafuta ya kupikia tunayonunua dukani, mengi yamepitia Mombasa. Basi tulifunga safari tukaione bandari hiyo. Tulivuka mpaka Nimule, tukaikata Uganda, tukaingia Kenya kwa Malaba hadi pwani.

Jina la Kilindini latokana na kilindi, yaani maji yenye kina kirefu. Ndiyo maana meli kubwa huweza kufunga gatini. Upande mmoja tuliona winchi na makontena. Ng'ambo, katika hori la Port Reitz, tuliona mikoko. Maji yakijaa, majani tu ndiyo huonekana. Yakipwa, mizizi hutokeza na kaa hutembea topeni. Mizizi hiyo huzuia udongo usichukuliwe na maji, na samaki wachanga hukulia humo. Mvuvi wa mtumbwi hupata riziki yake hapo, kama kuli anavyoipata gatini.

Riziki hizo zote mbili zimepata misukosuko. Mwaka 1929 njia ya Makupa ilijengwa kwa kujaza mawe na udongo, ikauziba mkondo baina ya hori la Tudor na la Port Reitz. Mwaka 2005 meli ya mafuta ilivuja bandarini, mikoko mingi ikafa. Mkondo wa Makupa ulifunguliwa tena lilipojengwa daraja mwaka 2022. Basi kilichoharibiwa na mikono ya watu, mikono ya watu yaweza kukitengeneza.

Kuli naye hakupewa haki yake kwa hisani. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wakiwemo wa bandari na wa reli, waligoma wakidai mishahara ya kutosha. Mwaka 1955 makuli waligoma tena, wakapata nyongeza.

Zamani, tuliposikia kazi imesimama Mombasa, sisi wa Gudele tulinung'unika tu kwa kuwa bei itapanda. Sasa tumewaona wenzetu wakifanya kazi juani, chini ya mizigo inayoning'inia. Tumerudi na neno moja: siku kuli atakapodai haki yake, au mvuvi atakapoitetea mikoko yake, tusimlaumu kabla ya kumsikiliza. Jasho lake limo katika chakula chetu.