Mpanda Baskeli Naye Ni Dereva: Maelezo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Watumishi wa Serikali, madereva wa vyombo vya moto na wananchi kwa jumla wanakumbushwa kwamba baskeli ni chombo cha usafiri kama vyombo vyengine, na mwenye kuipanda ana haki ya njia. Kumekuwa na dhana iliyoenea, hata miongoni mwa watu waliosoma, kuwa mpanda baskeli ni mgeni barabarani na kwamba gari inapokuja wajibu wake ni kukimbilia mtaroni. Dhana hiyo haina msingi. Mkataba wa Kimataifa wa Usafiri wa Barabarani, uliofikiwa katika mji wa Vienna mwaka 1968, unaihesabu baskeli miongoni mwa vyombo, na unapofasiri neno "dereva" unamtia ndani na mwenye kuendesha baskeli. Kwa hiyo penye baskeli na gari pana madereva wawili, ila mmoja amezungukwa na bati na mwengine hana kinga isipokuwa shati lake.

Mwandishi wa maelezo haya amekulia Mnyuzi, katika Wilaya ya Korogwe, pale ambapo reli ya Tanga inaungana na ile inayokwenda Ruvu, iliyokamilika mwaka 1963. Huko baskeli ndiyo iliyokuwa gari la kila nyumba. Ilibeba mahindi, kuni, mgonjwa na bibi harusi, na aliyeipanda alihofu mchanga na mashimo zaidi kuliko alivyohofu watu. Lakini kila aliyetoka vijijini kuelekea barabara kuu ya Segera na Korogwe alijifunza jambo jengine. Basi kubwa likikupita kwa kasi huja na upepo wake. Kwanza hukusukuma nje, kisha hukuvuta ndani, na ukingo wa lami ukiwa juu kuliko udongo wa pembeni, gurudumu likishateremka halirudi kwa urahisi. Wengi walioanguka pale hawakuguswa na gari hata kidogo. Dereva aliendelea na safari yake akiamini kuwa hakufanya kosa lolote.

Mjini hatari ni nyengine. Katika njia zetu za Darajani, Mlandege na Michenzani magari hayaendi kwa kasi ya Segera, lakini yamesongamana, na baskeli hupita katika nafasi ambayo dereva hakuitazamia. Hapa yafaa ieleweke namna jicho linavyofanya kazi. Dereva anapofika njia panda huangalia kulia na kushoto kwa haraka, na jicho huruka kutoka sehemu moja hadi nyengine. Wakati linaporuka halioni chochote cha maana, na akili hujaza pengo kwa kile inachokitarajia. Aghalabu anachokitarajia ni gari. Baskeli ni nyembamba, haina ngurumo, na inaweza kufichwa yote nzima nyuma ya ile nguzo inayoshika kioo cha mbele. Ndiyo maana maneno yanayosikika sana baada ya ajali ni "Wallahi sikumuona", na mara nyingi msemaji huwa mkweli. Dawa yake ni nyepesi. Angalia mara mbili, si mara moja, na usogeze kichwa mbele na nyuma ili kile kilichofichwa na nguzo kijitokeze.

Kuna jambo moja ambalo mwandishi analieleza kwa masikitiko kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyelifanya. Miaka kadhaa iliyopita alikuwa abiria katika gari ya ofisi, amekaa nyuma ya dereva, upande wa kulia. Gari ilisimama kando ya njia, naye akiwa na mafaili mkononi na haraka ya kuwahi kikao, akaufungua mlango bila ya kugeuka. Tarishi wa idara nyengine alikuwa akipita na baskeli yake, mkoba wa barua umefungwa kwenye keria. Alipiga ukingo wa mlango kwa kifua, akaangukia katikati ya njia. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu gari iliyokuwa nyuma yake iliwahi kufunga breki. Yule mzee, mkono umevunjika, alikuwa akizikusanya barua kwa mkono ule mwengine, na alipoombwa radhi alijibu tu, "Hapana neno, Bwana. Nami ningelipita mbali kidogo." Maneno hayo yalimwelemea mwandishi kuliko angelitukanwa. Mzee hakuwa na kosa. Mkataba uliotajwa hapo juu unakataza waziwazi kufungua mlango wa gari, kuuacha wazi, au kuteremka, kabla ya kuhakikisha kuwa hakuna mtu atakayehatarishwa, na katazo hilo halimhusu dereva peke yake.

Tangu siku hiyo mwandishi ameshika ada moja, naye anaipendekeza kwa kila anayepanda gari. Mlango ulio upande wako wa kulia ufungue kwa mkono wa kushoto, na ulio upande wa kushoto ufungue kwa mkono wa kulia. Mkono wa mbali unapovuka kifua, bega hugeuka, na uso hugeuka pamoja nalo, hata macho yakajikuta yanatazama nyuma kupitia dirishani. Uholanzi, nchi yenye baskeli nyingi mno, imejulikana sana kwa ada hii. Haihitaji fedha wala waraka.

Hatari nyengine kubwa ya mjini ni mkato wa kushoto. Sisi tunaendesha upande wa kushoto, na baskeli huwa karibu zaidi na ukingo. Dereva wa gari humpita mpanda baskeli, kisha baada ya hatua chache anakata kushoto kuingia njia ndogo, au dereva wa daladala anaingia kituoni kwa ghafla baada ya kuona abiria amenyoosha mkono. Kwa dereva, baskeli imeshapitwa na imeshasahauliwa. Kwa mpanda baskeli, ukuta umetokea mbele yake. Katika kiplefti hali ni hiyo hiyo. Baskeli inayozunguka hukatwa na gari inayotoka. Magari marefu yana hatari ya ziada, maana magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za yale ya mbele bali hukata ndani zaidi, na aliyesimama ubavuni hudhani ana nafasi kumbe hana. Dereva anayekusudia kukata kushoto na kumwona mpanda baskeli mbele yake, abaki nyuma yake. Atachelewa sekunde nne au tano.

Ama kuhusu kumpita mpanda baskeli, nafasi inayostahiki ni mita moja na nusu, yaani pungufu kidogo ya pima moja. Ujerumani iliandika kiwango hicho katika sheria yake mwaka 2020 kwa njia za mjini, na mita mbili nje ya mji. Mpanda baskeli hulazimika kukwepa shimo, kifuniko cha mtaro, au dimbwi la maji ya masika ambalo kina chake hakijulikani, naye hukwepa bila ya taarifa. Pasipokuwa na nafasi ya kumpita kwa umbali huo, basi wakati wa kumpita haujafika. Kupiga honi nyuma ya mgongo wake hakuongezi upana wa barabara. Humshtua tu, na mtu aliyeshtuka huyumba.

Mwendo nao una hesabu yake. Gari yenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 katika sekunde moja. Dereva mwangalifu huhitaji kiasi cha sekunde hiyo moja kabla mguu wake haujafika kwenye breki, kisha gari huhitaji karibu mita 14 nyengine kusimama katika njia kavu. Jumla ni mita 28. Kwa mwendo wa kilomita 30 jumla hiyo ni karibu mita 13 tu. Maana yake ni kwamba mtoto aliyeanguka na baskeli mita 15 mbele ya gari, dereva wa kilomita 30 atasimama kabla ya kumfikia, na dereva wa kilomita 50 atamfikia wakati breki ndiyo kwanza zinaanza kushika. Tanzania Bara, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kuwa ukomo katika maeneo yenye makaazi ya watu. Ukomo si mwendo wa lazima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani kote katika mwaka 2021, na wapanda baskeli ni kiasi cha asilimia 6 ya vifo hivyo.

Wapanda baskeli nao wasidhani kuwa maelezo haya yamewaondolea dhamana. Haki ya njia huja pamoja na wajibu wa njia. Mkataba wa Vienna unaitaka baskeli iwe na breki inayofanya kazi, kengele inayosikika, kiakisi chekundu nyuma, na uwezo wa kuonesha taa nyeupe au ya manjano mbele na nyekundu nyuma. Ni baskeli ngapi mjini mwetu zina vitu hivyo vyote? Wengi huipaka rangi na kuifunga mapambo kwenye madigadi, lakini usiku huenda kizani kama wavuvi wasio na karabai. Kupanda kinyume na uelekeo wa magari ni hatari kubwa, kwani dereva anayeingia njia kuu hatazami upande huo. Anayepita kando ya magari yaliyosimama aache nafasi ya mlango mmoja uliofunguliwa wote, na anayetaka kugeuka anyooshe mkono mapema.

Wakuu wa idara wanaombwa kuwasomea madereva wao maelezo haya, na zaidi kuwasomea abiria wa magari ya ofisi, ambao hawakufanya mtihani wowote wa leseni na ndio wanaofungua milango mingi zaidi. Idara zenye matarishi wanaotumia baskeli zizikague baskeli hizo kama zinavyokaguliwa gari, kuanzia breki na taa ya nyuma. Mzee yule wa mkoba wa barua alipona baada ya miezi miwili na kurejea kazini kwa baskeli ile ile.

Kitengo cha Habari